Mkongo chini ya panye: juu ya nini sisi ni masentineli tu?

Tangu Dikembe Mutombo afariki, tarehe 30 Septemba 2024, picha yake inayozunguka mu simu zetu ni moja tu: kidole juu, kinaenda kuume na kushoto, kumwambia mshambuliaji kwamba hapa hupiti. Watu wanaitumia kwa kila jambo. Mtu wa madeni akiomba tena, anatumiwa Mutombo. Mwenye nyumba akipandisha bei, Mutombo. Sina ubaya na hilo. Mzee wetu alistahili kukumbukwa, na kukumbukwa kwa kicheko ni heshima pia.

Lakini mimi ni mpenzi wa basketi na wa rap tangu ujana, na ile picha inanisumbua. Kidole kinasema hapana. Juu ya nini Mkongo mkubwa kuliko wote katika mchezo ule anajulikana kwa neno hapana? Nani kati yetu anaweza kueleza namna alivyofunga pointi hata moja?

Hesabu ziko wazi. Alicheza NBA misimu 18, toka 1991 mpaka 2009. Kontre 3,289, wa pili katika historia yote ya NBA, nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. Mara 4 alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka: 1995, 1997, 1998 na 2001. Tukija kwenye pointi, wastani wake ni 9.8 kwa mchezo. Kwa neno letu la hapa, alikuwa sentineli. Kule Goma na Bukavu wangesema zamu. Ni yule anayesimama kwenye lango usiku kucha ili mwenye nyumba alale vizuri. Kazi ya haki, kazi ngumu, na asubuhi hakuna anayemwimbia.

Sasa tazama waliokuja nyuma yake. Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1992. Mchezo ambao watu wanamkumbuka nao ni ule wa Mei 2016 huko Toronto, fainali ya upande wa Mashariki, Cleveland ya LeBron James mbele yake. Aliokota ribaundi 26 usiku mmoja. Ishirini na sita! Klabu nzima haikuwa imeona kitu kama kile. Lakini mu miaka yake yote ya NBA wastani wa pointi zake unazunguka 5. Serge Ibaka ni wa Brazzaville, lakini mama yake ni wa ng'ambo hii ya mto, kwa hiyo turuhusiwe kumdai nusu: misimu miwili mfululizo, 2011-12 na 2012-13, ndiye aliyeongoza NBA nzima kwa kontre. Oscar Tshiebwe, Mlushois mwingine, mwaka wa 2022 alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vyote vya Marekani akiwa Kentucky, ribaundi 15.1 kwa mchezo. Mwaka uliofuata, siku ya kuchagua vijana wa kuingia NBA, yalisomwa majina 58. La kwake halikuwemo.

Kontre, ribaundi, kontre, ribaundi. Sentineli, mtoto wa sentineli, mjukuu wa sentineli.

Hamia sasa kwenye ile nyumba nyingine, ya rap, ambayo ni jirani ya basketi toka zamani. Kwenye rap ya Kifaransa, Mkongo hayuko langoni. Yuko sebuleni, ndiye anayesema, na wengine wananyamaza wamsikilize. Damso alizaliwa Kinshasa 1992, mwaka uleule wa Biyombo, na Ubelgiji na Ufaransa zote zimesikiliza albamu zake. Youssoupha, mtoto wa Tabu Ley Rochereau, ni mmoja wa watu wanaoandika vizuri kuliko wote katika lugha ile, na haya si maneno yangu mimi peke yangu. Gims alijaza Stade de France mwaka wa 2019. Baloji wa kwetu Lubumbashi, ambaye alibeba jina linalotisha watu hapa (mnajua wenyewe tunamwita nani muloji), alitoka kwenye rap akaenda kwenye sinema, na filamu yake ilipata zawadi Cannes mwaka wa 2023. Kila mmoja anafunga pointi. Hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kumzuia mwenzake asiseme.

(Kwa Damso niweke neno moja pembeni. Namna anavyowasema wanawake mu nyimbo nyingi siitetei, na Wabelgiji waliokataa wimbo wake kwa Kombe la Dunia la 2018 hawakuwa wajinga wote. Lakini hatuzungumzii hapa tabia, tunazungumzia kazi.)

Watu wawili wa nchi moja, wa mwaka mmoja. Mmoja amepewa mikrofoni, mwingine amepewa fimbo ya kulinda. Juu ya nini?

Jibu ambalo nasikia mara nyingi, na ambalo linanikasirisha, ni lile la mwili. Wanasema Mkongo ana mikono mirefu, ana nguvu, anaruka. Kufikiri na mpira mkononi ni kazi ya wengine. Wachambuzi wa kizungu hawasemi hivyo waziwazi siku hizi. Wanasema mchezaji fulani ana "nguvu nyingi" na mwingine ana "akili ya mchezo", na wewe mwenyewe unajua nani ni nani. Sisi tunarudia bila kujua. Wakati wa Wabelgiji pia kulikuwa na wenye kuandika kwenye meza na wenye kubeba, na walituambia kwamba Mungu njo alipanga hivyo.

Mimi nasema ni wakati. Wakati na chuma.

Hebu tuangalie nani aliondoka lini. Mutombo alikwenda Georgetown mwaka wa 1987 akiwa na miaka 21, na alikwenda kusoma udaktari, si kucheza. Biyombo alionekana kwenye mashindano ya vijana huko Yemen, akapelekwa Hispania, na mwaka wa 2011 alikuwa tayari NBA. Tshiebwe alikuwa mtoto wa futiboli, basketi ilimpata tayari kijana. Wote walifika kwa kocha wa kweli wakati mwili umeshakua na saa imeshaenda. Kocha afanye nini na kijana wa mita 2 na zaidi ambaye ana mwaka mmoja au miwili wa kujionyesha? Atamfundisha kile kinachojifunzwa haraka: simama hapa, ruka, zuia, okota, mpe mwingine. Kutupa mpira kutoka mbali hakujifunzwi haraka. Kunataka maelfu na maelfu ya mipira, kwenye chuma kilichonyooka, kwa mpira unaodunda sawasawa, tangu utoto.

Sasa tazama wale walioondoka wadogo. Emmanuel Mudiay alizaliwa Kinshasa, familia yake ikakimbia vita, akakulia Texas: huyu alikuwa mwongozaji wa timu, mpira mkononi mwake. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma 2002, akaenda Marekani akiwa mtoto wa miaka 13 hivi: mshambuliaji, mtu wa kutafuta panye, na pete ya ubingwa na Golden State mwaka wa 2022. Ni damu ileile na ardhi ileile. Kilichobadilika ni umri wa kupanda ndege. Na angalieni mchezo huu wa Mungu: Biyombo 2011, Mudiay 2015, Kuminga 2021, wote watatu waliitwa namba 7. Sijui maana yake, ila nimeipenda.

Na marapa wetu? Ni vilevile. Gims alifika Ufaransa akiwa na miaka 2. Baloji alichukuliwa mdogo sana. Youssoupha alifika na miaka kama 10. Damso naye alikuwa mtoto. Walikulia ndani ya ile lugha, waliisikia usiku na mchana, waliandika na kupasua makaratasi kabla mtu yeyote hajawalipa. Tofauti kubwa ni kwamba rap haiombi chuma. Mdomo unaubeba kila mahali. Ndiyo maana hata hapa, mu kartie zetu, bila studio, bila umeme, utakuta kijana anayepanga maneno kwa Kiswahili, Kifaransa na Lingala ndani ya mstari mmoja, na anapanga vizuri kuliko wengine wenye mikataba Paris. Mjini Bronx mwaka wa 1973, DJ Kool Herc alikuwa na sahani mbili na vipaza sauti. Rap ilizaliwa na vitu vichache, na watoto wa vitu vichache wanaielewa.

Basketi hapana. Basketi inataka mtu ajenge kitu.

Najua kuna atakayeniambia: Hakeem Olajuwon aligusa mpira wa basketi Lagos akiwa kijana mkubwa, na akafunga pointi kama mvua, na mataji 2 ya 1994 na 1995. Joel Embiid wa Cameroun alianza na miaka kama 15, na mwaka wa 2023 alikuwa mchezaji bora wa NBA nzima. Ni kweli. Lakini soma vizuri habari zao. Olajuwon alikaa vyuoni Houston miaka na miaka, na wakati wa joto alikuwa anapigwa mabega ndani ya sali ya mtaa na Moses Malone, ambaye alikuwa mkubwa wa wakubwa. Embiid aliumia na kukosa misimu 2 mizima, na klabu ikamlipa na kumngoja. Walipewa wakati na mwalimu. Wakongo hatukupewa wakati. Tuliwekwa kazini siku ya kwanza, kwa sababu tulifanya kazi ile vizuri.

Wengine wananiambia: "Wee, Biyombo alisaini na Orlando 2016, madola milioni 72 kwa miaka 4. Sentineli wa milioni 72, unalilia nini?" Silii. Na tena wote wawili walirudisha: Mutombo alijenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake, ilianza kazi 2007, Biyombo, baada ya kufiwa na baba yake, alitoa mshahara wake wote wa msimu wa 2021-22 ili hospitali ijengwe huku kwetu. Nchi yenye mali kama yetu inajengewa hospitali na watu wanaozuia mipira. Hiyo peke yake ingeweza kuwa makala. Mimi naongea kuhusu mtoto wa miaka 12, siongei kuhusu mshahara.

Ngoja nirudi 2001, maana mwaka ule unaonyesha kila kitu. Philadelphia ilikwenda fainali na watu wawili. Allen Iverson, mchezaji bora wa mwaka, mfupi, nywele zimesukwa, tatuu, nguo pana, hip-hop nzima imevaa viatu ikaingia uwanjani. Na Mutombo, mlinzi bora wa mwaka, aliyefika kutoka Atlanta mwezi wa pili. Mchezo wa kwanza, huko Los Angeles, Iverson alifunga pointi 48 na Lakers wakapoteza. Kisha Lakers wakachukua 4 zilizobaki. Nyuma ya Iverson, michezo yote mitano, alisimama mtoto wa Kinshasa akipambana na Shaquille O'Neal, mlima wa mtu. Na mu barabara zetu, vijana walivaa jezi ya nani? Namba 3. Walisuka nywele za nani? Hata Wakongo walivaa Iverson. Namba 55 hukuiona.

Siwalaumu. Iverson alikuwa anasema kitu, Mutombo alikuwa anazuia kitu, na kijana anataka kusema. Ndiyo nguvu ya hip-hop ndani ya mchezo ule: ilimwambia mtoto maskini kwamba anaweza kushika mpira na kuamua. Wakubwa wa NBA waliogopa. Mwaka wa 2005 waliweka sheria ya mavazi, hakuna minyororo juu ya nguo, hakuna hiki wala kile, na kila mtu alijua sheria ile ilikuwa inamlenga nani. Leo wapiga picha wanangoja wachezaji kwenye korido kabla ya mchezo ili kuona nani amevaa nini, na NBA inauza picha zilezile. Papa Wemba angecheka. Sisi tulijua toka zamani kwamba mavazi ni maneno.

Ujirani huu una vichekesho vyake pia. Wachezaji wengi wanajidhani marapa. Shaq alitoa albamu 1993 na iliuzwa sana, sawa, lakini iliuzwa juu ya Shaq. Tony Parker alitoa ya kwake Ufaransa 2007, tumwache alale. Damian Lillard peke yake ndiye ninayeweza kusikiliza bila kuona haya. Kwa upande mwingine J. Cole, rapa mkubwa, mwaka wa 2021 alikuja kucheza michezo 3 na Patriots huko Kigali, kwenye msimu wa kwanza wa ligi ya Afrika, BAL. Mchezaji wa timu nyingine alilalamika kwamba amechukua nafasi ya mtu anayeishi kwa mpira. Mimi namuunga mkono aliyelalamika. Nafasi kwenye ligi yetu ni chache, sio za kutalii. Na kwa msomaji wa Goma, najua, jina Kigali lina uzito mwingine kabisa, na ni vigumu kufurahia panye inayofungwa kule wakati nyumbani kwako unasikia risasi. Sitajifanya kwamba mpira unafuta hiyo.

Lakini kuna jina moja ambalo sijalitaja bado, na ndilo linalovunja hadithi yote ya miili na nguvu. Mwadi Mabika. Alizaliwa Kinshasa 1976. Hakuondoka mtoto. Alicheza nyumbani, na timu ya wanawake ya Zaïre ilikuwa bingwa wa Afrika 1994, na 1996 ikaenda Olimpiki, Atlanta, na yeye ndani. Walipoteza michezo yao yote kule, lakini mwaka uliofuata Los Angeles Sparks walimchukua, kwenye msimu wa kwanza kabisa wa WNBA. Alikuwa mtu wa kutupa kutoka mbali, pointi 3 bila kupepesa macho. Mataji 2, mwaka wa 2001 na 2002. Mara 2 kwenye mchezo wa nyota. Yaani mwaka uleule ambao Mutombo alipoteza fainali akilinda panye ya Philadelphia, Mkongo mwanamke alichukua taji kwenye muji wa Los Angeles kwa kufunga.

Kwa hiyo tulishawahi kufanya mfungaji hapa hapa, kwa mikono yetu. Kulikuwa na timu, kulikuwa na walimu, kulikuwa na sehemu ya kuchezea, na mtoto mwanamke aliachwa atupe. Labda aliachwa kwa sababu hakuna aliyekuwa anamwangalia ili kumuuza. Hili linanifikirisha sana.

Maana siku hizi ubaya umeingia mpaka kwetu. Nenda kwenye teren yoyote ya simenti Jumamosi, mu muji wowote wa huku. Utamwona mtoto mrefu, miaka 13, ameshika mpira, anajaribu kudunda na mkono wa kushoto. Na utasikia kutoka pembeni: "Weye uko murefu, toka pale! Enda chini ya panye, ngojea mupira!" Nimesikia maneno haya mara nyingi kuliko salamu. Kocha si mtu mbaya. Anafikiri juu ya wale wageni wanaokuja mara moja kwa mwaka na metre mkononi, wanapima mikono, hawaulizi kitu kingine. Anamtayarisha mtoto kwa kazi anayoijua, kazi ya sentineli, kwa sababu ndiyo iliyowahi kulipa. Mtoto anatii, anakwenda chini ya panye, ananyanyua mikono. Kuanzia siku ile hatupi tena kutoka mbali. Mfupi ndiye anayebaki na mpira.

Kwenye rap hakuna mtu aliyeweza kumwambia mtoto: wewe una sauti nzito, rudia kiitikio tu, maneno waachie wengine. Angejaribu, watoto wangemcheka na kuendelea.

Serikali ikisema basketi, inafikiri sali kubwa yenye viti maelfu. Sawa, wajenge. Lakini chuma kimoja kilichonyooka kwenye uwanja wa masomo kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na sali ile, na ndicho kinachofanya mfungaji. Ma klabu ya hapa yana mipira mingapi kwa watoto 40? Mara nyingi 2 au 3, na mmoja umetoka hewa. Kwa hesabu hiyo mtoto anatupa mara 10 mchana mzima, kisha anapanga mstari. Mwenzake wa Texas ametupa mara 500 kabla ya chakula cha jioni.

Kuna jambo moja lisiloomba feza wala ruhusa ya waziri, na ndilo naomba kwa makocha wanaosoma hapa, kwa heshima yote, maana wengi wenu mnafanya kazi bila mshahara. Jumamosi hii, mchukueni yule mrefu kuliko wote, mumpe mpira, mumweke juu kule mbali na panye, na mumwache aongoze timu dakika 10. Atapoteza mipira. Wenzake watapiga kelele. Wazazi watauliza juu ya nini yule mutoto murefu hasimami pahali pake. Mwacheni, na Jumamosi inayofuata mumpe tena.